Mfadhili alipoondoka: kituo cha manusura katika hospitali moja ya rufaa, pwani ya Kenya

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha hospitali ya rufaa ya kaunti moja ya pwani ya Kenya. Jina la kaunti, la shirika lililoendesha kituo na la kila aliyehusika yameondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili manusura yeyote asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa hospitali, maafisa wa bajeti wa kaunti na mashirika yanayofungua vituo kama hivi.

Ni kisa cha fedha. Kuhusu namna ya kumhudumia mtu aliyebakwa au kupigwa, miongozo ipo na ni mizuri. Kinachozungumzwa kidogo ni nani anamlipa mtu anayempokea manusura huyo saa nane za usiku, na nini hutokea siku mlipaji anapoondoka.

## Usuli

Ukatili si jambo la pembeni katika hospitali zetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofika miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kudhulumiwa kingono. Wanaofika hospitalini ni sehemu ndogo tu ya hao, na aghalabu hufika wakiwa wamechelewa.

Kuchelewa kuna gharama inayopimika. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina saa 120. Ushahidi mwilini hupotea kwa kuoga, kubadilisha nguo, hata kwa kwenda haja. Kwa hiyo manusura akiambiwa arudi Jumatatu, baadhi ya huduma huwa amenyimwa moja kwa moja.

Sheria haina utata. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, pamoja na kanuni za matibabu zilizofuata mwaka 2012, vinataka manusura atibiwe katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 nayo ilianzisha mfuko maalumu wa waathiriwa. Tangu 2013 hospitali ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo neno "serikali" katika sheria hizo hufika mezani kwa mhasibu wa kaunti, ambaye hulipa kile tu chenye kasma, yaani fungu lililotengwa, kwenye bajeti iliyopitishwa.

Hospitali yetu ilikuwa na kituo cha manusura kwa miaka kadhaa. Kilikuwa na chumba cha uchunguzi, chumba cha mazungumzo na kona ya watoto yenye mkeka na vitu vya kuchezea, na mlango wake ulikuwa wa kando ili anayeingia asipite mbele ya foleni ya wagonjwa wengine. Jengo lilikuwa la hospitali. Tabibu mmoja alilipwa na kaunti. Waliobaki wote, yaani washauri nasaha, muuguzi wa zamu ya usiku na karani wa takwimu, walikuwa na mikataba ya shirika lililofadhiliwa na fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi. Shirika hilo pia lililipia muda wa maongezi wa kuwafuatilia manusura, nauli za kurudi kliniki, bahasha za karatasi za kuhifadhi nguo zenye ushahidi na usafiri wa wahudumu walioitwa mahakamani.

Dawa zenyewe zilitoka kwenye mgao wa kitaifa. Jambo hilo lilikuja kuwa muhimu, kwa sababu watu wengi kaunti waliamini kwamba dawa zikiwepo, huduma ipo.

## Yaliyotokea

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili iipitie upya. Siku chache baadaye shirika lilipokea barua ya kusitisha kazi. Wafanyakazi wa mkataba waliambiwa wasirudi kazini. Hapakuwa na muda wa kukabidhiana, kwani barua ilikataza matumizi yoyote tangu siku ilipofika.

Wiki ya kwanza kituo kilifunguliwa mchana tu, na tabibu mmoja. Usiku mlango ulikuwa na kufuli. Ijumaa moja baada ya magharibi, shangazi alimleta mtoto wa kike kutoka kijiji cha mbali kwa bodaboda. Mlinzi aliwaelekeza idara ya dharura, na huko muuguzi aliyekuwa zamu alimtibu mtoto jeraha lakini hakuwa amefunzwa kujaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji. Akawaambia warudi kituoni siku ya kazi. Walirudi Jumatatu, saa chache kabla ya dirisha la PEP kufungwa. Mtoto alipata dawa. Nguo alizokuwa amevaa zilikuwa zimefuliwa, kwa sababu shangazi hakuwa ameambiwa azihifadhi.

Tatizo la pili lilikuwa la kabati. Fomu ya PRC huandikwa nakala tatu, na moja hubaki hospitalini. Nakala hizo zilikuwa kwenye kabati lenye funguo mbili, zote mikononi mwa wafanyakazi wa shirika. Rejista ya kielektroniki ilikuwa kwenye kompyuta ya shirika, ambayo ilihesabiwa kuwa mali ya mfadhili na ikachukuliwa. Wito wa mahakama ulipofika kwa kesi ya zamani kidogo, hospitali haikuweza kutoa rekodi zake yenyewe. Ilichukua wiki kadhaa na barua nyingi kabla funguo hazijarudishwa.

La tatu liligunduliwa na ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye alianza kukutana na manusura waliolipishwa kadi, vipimo vya maabara na hata kushonwa. Hakuna aliyeamua kuwatoza. Awali msamaha wa malipo ulisainiwa ndani ya kituo, na karani wa shirika aliupeleka dirishani. Karani alipoondoka, faili za manusura zilianza kupita dirishani kama faili nyingine yoyote. Ofisa wa ustawi angeweza kusaini, ila hafanyi kazi usiku wala wikendi, nyakati ambazo manusura wengi hufika. Wapo waliogeuka na kwenda nyumbani walipotajiwa bei. Hao hawamo katika rejista yoyote.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa msimamizi mkuu wa hospitali, naye aliuchukua haraka: mapokezi ya manusura yakahamishiwa idara ya dharura, saa 24, na kituo kikabaki cha ushauri na marudio mchana. Muuguzi msimamizi alipinga mwanzoni kwa hoja nzito, kwamba idara ya dharura haina faragha, polisi na jamaa wa mshukiwa hukaa kwenye mabenchi yaleyale, na mtu aliyebakwa hawezi kuulizwa yaliyompata nyuma ya pazia. Waliafikiana kuchukua stoo moja iliyo karibu na chumba cha kupima presha, ikapakwa rangi na kuwekewa mlango unaofungika. Tabibu wa kituo aliwafunza wenzake wa zamu zote kujaza PRC na kuhifadhi ushahidi kwenye bahasha za karatasi. Mafunzo yalifanyika saa za kukabidhiana zamu, bila posho. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliookoa watu wengi zaidi, na haukuhitaji fedha mpya.

Uamuzi wa pili ulihusu washauri nasaha. Hapa ndipo kulikuwa na mvutano wa kweli. Sheria ya ufadhili wa vituo vya afya ya 2023, ambayo wengi huiita FIF, inaruhusu hospitali kubaki na mapato inayokusanya na kuyatumia kwa mpango ulioidhinishwa. Muuguzi msimamizi aliomba sehemu ya fedha hizo imlipe mshauri mmoja kwa mkataba wa muda. Mhasibu alikataa. Hakuwa mtu mbaya, bali alikuwa na orodha ya madeni ya oksijeni, ya dizeli ya jenereta na ya wasambazaji wa vitendanishi vya maabara, na kituo cha manusura kwa mujibu wa sheria hakiingizi hata shilingi.

Bodi ilishawishika kwa hesabu. Muuguzi msimamizi alikusanya faili za manusura waliorudi wodini kwa sababu hawakupata ushauri mapema: waliojaribu kujiua, waliorudi na mimba zilizoharibika, waliorudi na majeraha mapya kutoka kwa mtu yuleyule. Akaweka gharama za kitanda za kila mmoja, bila majina. Bodi iliona kwamba hospitali tayari ilikuwa inalipa, ila ililipa baadaye na kwa bei ya juu. Mshauri mmoja akapewa mkataba wa miezi mitatu.

Kulikuwa na mapendekezo mawili yaliyokataliwa, na kukataliwa kwake kunastahili kuelezwa. Mwanasiasa mmoja alijitolea kulipa mishahara ya mwaka mzima mradi uzinduzi ufanyike kituoni, kamera zikiwepo na manusura wakizungumza. Uongozi ulimshukuru na kusema hapana, kwa kuwa katika mji mdogo hata picha ya mgongo wa mtu inatosha kumtambulisha, na mlango wa kando usingekuwa na maana tena.

Pendekezo la pili lilitoka ndani. Lilitaka huduma zidaiwe kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa mtu mwenye mfupa uliovunjika hilo lina mantiki. Lakini mshauri nasaha aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: mwanamke aliyeandikishwa chini ya mumewe, akipigwa na mume huyohuyo, ujumbe wa kuthibitisha huduma utaingia kwenye simu ya nani? Baada ya swali hilo bodi iliamua kwamba hakuna dai la bima litakaloandikwa kwa manusura bila yeye mwenyewe kuulizwa faraghani na kukubali.

Wazo la kuomba kwenye mfuko wa waathiriwa wa sheria ya 2014 lilijadiliwa pia. Hospitali haikuwa na utaratibu wowote wa kuomba kutoka huko, na uongozi ukaona wiki zilizobaki zitumike kwenye bajeti ya kaunti.

Na wiki zilikuwa chache kwelikweli. Kalenda ya fedha ya kaunti haingoji mtu: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya huanza Julai 1. Barua ya kusitisha kazi ilipofika mwishoni mwa Januari, mlango wa Septemba ulikuwa umeshafungwa na wa Februari ulifungwa hospitali ikiwa bado inatafuta funguo za kabati. Ulibaki wa Aprili, kupitia vikao vya maoni ya umma na kamati ya afya ya bunge la kaunti.

Walioenda mbele ya kamati walikuwa muuguzi msimamizi, tabibu na mzee mmoja wa mtaa anayewasindikiza manusura hospitalini. Walibeba ukurasa mmoja. Haukuwa na simulizi za kuhuzunisha. Ulikuwa na vitu vinavyohitajika kwa manusura mmoja tangu anapoingia hadi anapomaliza siku 28, bei ya kila kitu, na nani anakilipia kwa sasa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashtua wawakilishi wadi. Karibu kila mstari ulisema "hakuna".

## Matokeo

Bajeti ya 2025/26 ilipitishwa ikiwa na kasma ya kituo, ndogo kuliko ilivyoombwa: mishahara ya washauri nasaha wawili na vifaa vya uchunguzi. Usafiri wa mahakamani uliondolewa. Kasma ya ufuatiliaji pia haikupita.

Kisha fedha zilichelewa. Mgao kutoka hazina ya kitaifa haukuingia kwa wakati, kama ilivyo kawaida robo ya kwanza ya mwaka, na washauri walifanya kazi Julai na Agosti bila mshahara. Mmoja alipata kazi kwingine na kuondoka. Nafasi yake ilijazwa baada ya muda mrefu, na mtu mgeni kwa manusura aliowakuta katikati ya ushauri.

Usiku huduma ipo. Fomu za PRC zinajazwa na watu wa zamu zote, na ubora wake, kwa maelezo ya kiongozi wa mashtaka, umekuwa mzuri kuliko matarajio yake. Msamaha wa malipo sasa hutolewa kwa namba ya siri inayoandikwa kwenye faili pale mgonjwa anapopimwa presha. Muhuri wa rangi ulipendekezwa, lakini ulikataliwa kwa sababu kila anayepita ungemweleza jambo lisilomhusu. Malalamiko ya kutozwa yameisha kabisa kwa wanaopita idara ya dharura. Kwa wanaoanzia maabara au wodi ya uzazi bado yanatokea.

Kilichovunjika na hakijarekebishwa ni ufuatiliaji. Bila nauli na bila mtu wa kupiga simu, wanaomaliza dozi ya siku 28 na kurudi kupimwa wamepungua waziwazi. Wahudumu wa afya ya jamii wangeweza kusaidia, lakini kumtuma jirani kwenye mlango wa manusura ni hatari yake nyingine, na manusura kadhaa walikataa.

Mahakamani kulipatikana nafuu isiyotarajiwa. Kupitia kamati ya watumiaji wa mahakama, hakimu alikubali kesi zinazohitaji mashahidi wa hospitali zipangwe siku moja ya wiki, na ushahidi wa kitabibu utolewe kwa video inapowezekana. Tabibu mmoja sasa husafiri mara chache, na fedha zilizokatwa zimeumiza kidogo kuliko ilivyohofiwa.

## Uchambuzi

Watu wengi wakikisikia kisa hiki husema kosa ni la kutegemea wafadhili. Sioni hivyo. Fedha zile zilihudumia watu kwa miaka, na hakuna mtu wa kaunti aliyekuwa tayari kuzitoa wakati huo. Kosa lilikuwa katika mgawanyo: fedha za mfadhili zililipia watu na rekodi, na fedha za kaunti zililipia kuta. Ingekuwa kinyume, mfadhili akajenga na kufunza huku kaunti ikilipa hata mshahara wa mtu mmoja zaidi kila mwaka, Januari ile ingeuma lakini mlango wa usiku usingefungwa. Makubaliano ya awali kati ya shirika na kaunti yalikuwa na sentensi kuhusu uendelevu. Hayakuwa na tarehe, kiasi, wala jina la mtu wa kuwajibika.

Wala tatizo la chanzo kimoja si la nchi zinazopokea misaada peke yake. Marekani yenyewe, programu nyingi za hospitalini za kuwasaidia waliopigwa risasi, kuchomwa visu au kubakwa hutegemea Mfuko wa Waathiriwa wa Uhalifu ulioundwa kwa sheria ya 1984. Mfuko huo haujazwi na kodi. Hujazwa na faini na adhabu za fedha katika kesi za serikali ya shirikisho. Wazo ni zuri, mkosaji alipe. Lakini kesi kubwa za makampuni zilipoanza kumalizwa kwa makubaliano bila hukumu, fedha zake ziliingia hazina kuu na mfuko ukanywea: kiwango ambacho bunge lao liliruhusu kitumike kilishuka kutoka dola bilioni 4.4 mwaka wa fedha 2018 hadi takriban bilioni 1.35 mwaka 2024. Sheria ilirekebishwa Julai 2021 ili fedha za makubaliano nazo ziingie mfukoni, na mwaka huohuo majimbo ya Connecticut na Illinois yaliruhusu Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, ilipie kazi ya hospitalini ya kuzuia ukatili. Walitafuta mguu wa pili wa kusimamia. Hospitali yetu ilifanya hivyohivyo kwa FIF na kasma ya kaunti, ikiwa na muda mfupi zaidi.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ukurasa mmoja wa bei. Nimeona maombi mengi ya kaunti yakijaa takwimu za kitaifa na hadithi za kuliza, na kamati ikitikisa vichwa kwa huruma kisha ikapitisha barabara. Ukurasa ule uliwapa wawakilishi kitu cha kuandika kwenye bajeti. Pia ulionyesha kwamba dawa, walizodhani ndizo gharama yote, zilikuwa tayari zinatoka kwingine, na kwamba pengo lilikuwa watu. Hospitali yoyote inaweza kuandaa ukurasa kama huo leo, mfadhili akiwa bado yupo, na mfadhili huyo ndiye mwenye risiti za kuuandaa.

Uhamisho kwenda idara ya dharura ulifaulu kwa sababu ulifunza zamu nzima badala ya mtu mmoja. Una udhaifu wake: wauguzi huhamishwa, na mafunzo yasiyorudiwa hupotea ndani ya mwaka. Bila mtu aliyepewa jukumu la kuyarudia, na hadi sasa hakuna, faida hii itayeyuka polepole bila mtu kuiona ikiondoka.

Kuhusu rekodi sina maneno laini. Nakala ya tatu ya PRC ni mali ya hospitali na ni haki ya manusura mahakamani. Kukubali ikae kwenye kabati ambalo hospitali haina ufunguo wake, na data ikae kwenye kompyuta isiyo yake, kulikuwa uzembe wa pande zote mbili. Hilo lingezuiwa kwa aya moja kwenye mkataba wa kwanza.

Takwimu za kituo za mwaka ule zinaonyesha manusura wachache kuliko mwaka uliotangulia, na ofisini kaunti nilisikia zikitajwa kama ishara kwamba ukatili umepungua. Tafsiri hiyo ni hatari kwa bajeti ijayo. Idadi ilishuka miezi ileile mlango wa usiku ulipofungwa na dirisha la malipo lilipokuwa likitoza. Muuguzi msimamizi sasa huambatanisha saa za huduma kwenye kila ripoti ya mwezi, ili anayesoma idadi asome pia mlango ulikuwa wazi lini.

Ombi la mwaka wa fedha 2026/27 liliwasilishwa mapema, ndani ya mpango wa maendeleo uliofungwa Septemba 1, likiwa na mistari mitatu iliyokosekana: nauli na simu za ufuatiliaji, muuguzi wa pili wa usiku, na siku mbili za mafunzo kwa kila mhudumu mpya wa idara ya dharura. Mhasibu aliyekataa mwanzoni ndiye aliyeandaa hesabu zake.